Fua kwa Kipimo cha Kamba: Majibu kwa Wanaofulia Mahali Padogo

Masika yakikaribia, maswali ya kufua na kukausha katika nyumba ndogo huwa mengi kuliko nafasi ya safu hii. Tumechagua yanayowagusa wengi. Barua ndefu tumezifupisha, ila vipimo vya wasomaji tumeviacha kama vilivyo, kwa sababu katika kazi hii sentimita 10 zinaweza kuamua kila kitu.

Mhariri, salaam. Tuko watu watano, ghorofa ya tatu, na kibaraza chetu cha nyuma kina upana wa mita 1 na urefu wa mita 2 tu. Bomba na tundu la maji machafu viko hapohapo. Nataka mashine ya mlango wa mbele, tenga la nguo chafu na mahali pa kuanika. Kila nikipanga, kitu kimoja kinabaki nje.
*Msomaji, Sinza, Dar es Salaam*

Ndugu msomaji, umeanza kupanga kwa mashine. Anza kwa kamba. Mahali padogo hushindwa kwenye kukausha, mara chache sana kwenye kufua. Mashine ya kilo 8 inamaliza mzigo wake kwa saa moja na nusu au mbili, lakini kibaraza kama chako kikikausha kilo 4 katika siku ya mawingu kimejitahidi. Zile kilo 4 nyingine zitalala kwenye beseni zikiwa mbichi, kesho zinanuka, na unazifua upya. Kwanza jua kibaraza kinakausha kiasi gani, kisha uchague mashine na siku za kufua.

Upana wa mita 1 unatosha pau mbili za kutundikia zinazofuata urefu wa kibaraza. Kila pau ikae sentimita 25 kutoka pembeni, na kati ya pau na pau zibaki sentimita 50. Henga ya mtu mzima ina upana wa sentimita 42 hadi 45, kwa hiyo nguo hazitagusa ukuta wala hazitabanana katikati. Pau ya mita 1.8 inabeba mashati 18 kwenye henga yakiachiana sentimita 10. Ukiyabana mashati hayo kwa vibanio kwenye upindo, pau hiyohiyo itachukua matatu au manne tu. Henga ndizo zinazokuongezea nafasi. Nunua za plastiki, kwa maana za waya hutia kutu mabegani.

Pau iwe bomba la chuma lisiloshika kutu, la milimita 20 au 25. Bomba la plastiki hupinda katikati na nguo zote zikateleza kukusanyika pamoja. Kila pau itundikwe kwa kapi mbili na kamba ya nailoni ya milimita 6, ili uishushe hadi kifuani wakati wa kuanika, kisha uivute juu na kuifunga kwenye ndoano iliyo ukutani. Kwa dari ya mita 2.8, shati lililotundikwa litaishia juu kidogo ya kichwa cha mtu, nawe utapita chini yake. Mashati 18 yaliyokamuliwa na mashine yana uzito wa kilo 6 hivi. Suruali sita za jinzi zinafika hapohapo. Kwa hiyo bolti zishike zege lenyewe. Siling bodi haibebi uzito huo, na plasta peke yake hung'oka. Kama ni nyumba ya kupanga, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kutoboa.

Sasa mashine. Iweke kwenye ncha fupi ya kibaraza, mlango ukitazama urefu. Mashine nyingi za aina hii zina upana wa sentimita 60 na urefu wa 85. Kina hutofautiana, kuanzia 45 hadi 60. Ukiacha sentimita 5 nyuma kwa ajili ya mipira ya maji, unabaki na mita 1.35 au zaidi mbele, pa kufungulia mlango na kuchutama. Pembeni yake zinabaki sentimita 40 hivi. Hapo panaingia tenga jembamba na refu lenye matundu, na juu yake rafu ya sabuni. Taulo bichi lisitupwe tengani. Litundikwe kwanza likauke, la sivyo litaambukiza unyevu nguo zote.

Kuna mambo matatu ambayo mafundi wa haraka huyapuuza. La kwanza, bolti za usafirishaji, kwa kawaida nne, ziko mgongoni mwa mashine mpya kushikilia ngoma isitikisike njiani. Zikisahauliwa, mashine itaruka kama inataka kutoka nje siku ya kwanza tu, na itajivunja yenyewe. Zitoe, uzihifadhi kwa siku ya kuhama. La pili, mpira wa kutoa maji usilazwe sakafuni moja kwa moja kuelekea kwenye tundu. Upandishe kwanza nyuma ya mashine hadi kimo cha sentimita 60 hadi 100, kama kijitabu chake kinavyosema, ndipo ushuke. Mpira ukilala chini, maji yanajivuta yenyewe na kutoka huku mashine ikiendelea kujaza. Mtu atadhani mashine ni mbovu, kumbe ni mpira. Ukiuchomeka kwenye bomba la kusimama, usizibe nafasi inayobaki, hewa inahitaji kupita. La tatu, sakafu za vibaraza huwa zimeinama kuelekea kwenye tundu. Rekebisha miguu ya mashine kwa pimamaji, kaza nati za miguu, kisha bonyeza kila pembe. Ikicheza hata kidogo, bado.

Na siku za kufua? Kwa watu watano, mizigo mitatu au minne midogo kwa wiki ni bora kuliko Jumamosi moja ya kufua kila kitu. Mashuka yawe na siku yake peke yake, kwani mawili tu yanaweza kuziba kibaraza kizima.

Napanga chumba kimoja. Uani tunatumia bomba moja na kamba moja, wapangaji saba. Sina pa kuweka mashine na sitaki. Nisaidieni kupanga kufua kwa mikono bila chumba changu kugeuka dimbwi.
*Mpangaji, Manzese*

Unahitaji beseni mbili zinazoingiana, ndoo moja yenye mfuniko, kopo la sabuni linalofungika vizuri, na fimbo au pau moja ya ndani. Beseni zikauke kabla ya kuingia uvunguni, maana sakafu ya uvungu isiyopata hewa huota ukungu haraka.

Fua kidogo kila siku ya pili: kilo 2, yaani kama mashati manne, suruali moja na nguo za ndani. Loweka jioni kwa dakika 30 hadi saa moja, usivushe usiku. Maji ya sabuni yaliyolala huanza kunuka, na rangi za nguo hutembeleana. Anza na nyeupe, kisha nguo za rangi kwenye maji hayohayo ya sabuni, mwisho soksi na vitambaa. Lita 10 za sabuni na lita 10 mara mbili za kusuuza zinatosha. Maji ya suuzo la mwisho yaingie kwenye ndoo yenye mfuniko. Ndiyo ya kulowekea mzigo unaofuata, au ya kumwaga chooni.

Kamba ya pamoja ikijaa, usianike juu ya nguo za mwenzako. Kamua kwa nguvu, kisha tandaza nguo juu ya taulo kavu, vizungushe pamoja kama mkeka, ukandamize kwa magoti. Taulo litanyonya maji mengi ambayo mkono haukuyatoa, na shati lako linaweza kukauka ndani ya chumba usiku mmoja dirisha likiwa wazi. Jinzi usizijaribu hivyo. Zisubiri jua.

Nguo zangu zinanuka hata baada ya kufuliwa. Naongeza sabuni, naongeza ile ya kulainisha, harufu inarudi mara tu mwanangu anapotoa jasho. Nakausha ndani kwa sababu ya mvua.
*Mama wa watoto watatu, Tanga*

Mama, sabuni unayoiongeza ni sehemu ya tatizo lenyewe. Harufu hiyo inatokana na bakteria wanaokula mafuta ya mwili na mabaki ya sabuni yaliyoganda kwenye nyuzi. Nguo ikikaa mbichi muda mrefu, wanaongezeka. Ikikauka wanatulia bila kufa, na jasho la kwanza linawaamsha. Kilainishi kinawafunika kwa manukato na kuacha utando mwingine wa mafuta juu yake. Kiache kabisa kwa mataulo na nguo za michezo.

Kuzisafisha zilizokwisha kuharibika, tumia maji ya moto kwa nguo za pamba. Kama huna mashine ya kuchemsha, changanya ndoo ya maji yanayochemka na ndoo ya ukubwa uleule ya maji ya bomba. Utapata nyuzi joto 60 hivi. Weka sabuni, zamisha nguo kwa kijiti, ziache dakika 40, kisha fua na usuuze mara mbili hadi maji yasiwe na utelezi. Watoto wakae mbali kabisa. Nguo za nailoni na poliesta hazitaki moto huo. Hizo loweka katika maji yenye nusu kikombe cha siki nyeupe kwa lita 5, kwa nusu saa, zisuuze, ndipo uzifue. Siki na Jik visikutane kamwe, hata kwenye beseni ambalo halijasuuzwa: vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, nayo huumiza mapafu.

Kwa siku zinazofuata, shika kipimo cha sabuni. Mzigo wa kilo 5 kwenye mashine unahitaji gramu 50 hadi 70 za unga, yaani vijiko vinne vikubwa hivi, na uwe unga wa mashine. Unga wa kufulia kwa mikono umetengenezwa utoe povu jingi. Katika mashine ya mlango wa mbele povu hilo hulainisha mapigo ya ngoma, nguo hazisuguani, na mashine ikihisi povu hukataa kuzungusha kwa kasi. Nguo zinatoka na maji, na maji ndiyo yanayokuletea harufu.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Kilo 4 za nguo zilizokamuliwa kwa mkono zinabaki na lita 4 za maji au zaidi. Zikizungushwa kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, zinabaki na lita 2.4 hivi. Maji hayo yote yatakwenda kwenye hewa ya chumba chako. Hewa ya Tanga wakati wa masika imeshashiba unyevu, haiwezi kuyapokea yote ikiwa imetulia. Kwa hiyo zungusha mara ya pili bila maji, achia nguo sentimita 5 hadi 10, fungua madirisha mawili yanayotazamana, na weka feni ipige kando ya nguo kutoka chini. Feni ya wati 50 ikiwaka saa 10 inakula nusu uniti tu ya LUKU. Hesabu zikauke ndani ya saa 24. Kama mna chumba kingine, usianike mnamolala, na usisogeze stendi ukutani: ukuta ukianza kufanya madoa meusi, na nguo nazo zitaingia kawa, na kawa ikishaota kwenye kitambaa cheupe haitoki kirahisi.

Mwisho, angalia mashine. Futa raba ya mlango baada ya kila siku ya kufua, hasa mkunjo wa chini unaokusanya nywele na matope. Acha mlango na kidroo cha sabuni wazi kidogo. Mara moja kwa mwezi iendeshe tupu kwa nyuzi 60, na fungua kichujio kilicho chini upande wa mbele. Weka sahani bapa na kitambaa kwanza, maji yatatoka. Humo utakuta sarafu, vifungo na pini.

Nimenunua mashine ya mlango wa mbele. Fundi ameifunga, lakini inajaza kwa nusu saa halafu inaonyesha kosa la maji. Tenki langu liko kwenye mnara wa mita 2. Mashine mbovu?
*Msomaji, Morogoro*

Huenda ni nzima. Kila mita 1 ya kimo cha maji inatoa shinikizo la baa 0.1. Tundu la kuingizia maji liko karibu sentimita 90 kutoka chini, kwa hiyo tenki lako likikaribia kuisha linaisukumia mashine baa 0.1 tu. Mashine nyingi zinataka angalau baa 0.3 au 0.5, kwani vali yake hufunguka vizuri kwa msaada wa shinikizo hilo. Soma kijitabu chako, namba imeandikwa.

Kabla ya kugusa mnara, fungua mpira wa kuingiza maji na utazame kichujio kidogo cha wavu pale unapofungiwa. Mchanga huziba hapo, hasa maji yanaporudi baada ya mgao. Siku hiyo achia bomba limwage kwenye ndoo hadi maji yaang'ae, ndipo ufungulie mashine. Wavu ukiwa safi na tatizo bado lipo, una njia mbili: inua chini ya tenki kwa mnara imara, hadi mita 4 kama kijitabu kinataka baa 0.3, au mita 6 kama kinataka 0.5 (lita 1,000 ni tani nzima, usijenge kwa kubahatisha), au funga pampu ndogo inayojiwasha bomba linapofunguliwa.

Kwa wasomaji ambao bado hawajanunua na maji yao ni ya ndoo, sisi tungewashauri mashine ya matangi mawili. Unaijaza kwa ndoo, haijali shinikizo, na maji ya sabuni ya mzigo mweupe unayatumia tena kwa mzigo wa rangi. Kasoro yake ni kwamba lazima usimame nayo, na tangi la kuzungushia ni dogo: panga nguo kwa usawa na uzikandamize kwa kile kifuniko cha ndani, la sivyo itagonga kuta zake.

Maji yetu ni ya kisima. Kanzu nyeupe zinageuka manjano na kupata madoa ya kahawia. Nikitia Jik ndiyo yanazidi!
*Msomaji, Majengo, Mombasa*

Acha Jik leo hii. Maji yako yanaonekana kuwa na chuma kilichoyeyuka. Jik hukigeuza kuwa kutu palepale, na kutu hiyo inashika kwenye kitambaa. Jaribu: jaza glasi, iache usiku kucha bila kufunika. Ikigeuka rangi ya chai nyepesi au ikiweka vumbi la kahawia chini, ni chuma.

Madoa yaliyopo, yakamulie limao, nyunyiza chumvi, anika juani saa moja au mbili ukiongeza limao linapokauka, kisha suuza sana kabla ya sabuni yoyote. Rudia ikibidi. Kisha maji ya kisima yatulize kwenye pipa lililo wazi siku nzima, uyakoroge mara kadhaa ili yapate hewa, uyaache yatue, na uchote ya juu tu. Kanzu zisuuzwe mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya mfereji ukiyapata. Kama maji ya kisima pia ni magumu, yaani hayatoi povu kirahisi, sabuni ya mche itaacha utando wa kijivu. Tumia sabuni ya unga, ambayo hustahimili ugumu huo vizuri zaidi.

Nikigusa mashine na mikono mibichi nahisi kama sindano. Mume wangu anasema ni kawaida.
*Msomaji, Mbagala*

Dada, si salama, na usiitumie tena mpaka fundi umeme mwenye leseni apime. Mara nyingi sababu ni soketi isiyo na waya wa ethi. Mashine ina kifaa cha kuchuja umeme ambacho huvujisha kiasi kidogo kwenye bati lake la nje, na ethi ndiyo njia yake ya kwenda ardhini. Ethi ikikosekana, njia ni wewe. Waya ukichubuka ndani siku moja, sindano hiyo itakuwa shoti ya kuua. Apime ethi ya nyumba nzima, na aweke swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Mashine inayochemsha maji huvuta wati 2,000 hivi, kwa hiyo isiunganishwe kwenye waya wa kuongezea.

Tunaanika nguo kivulini chini ya miembe kwa sababu uwanja ni mdogo. Mtoto ametokea majipu mgongoni, na zahanati walitoa funza. Je, ni nguo?
*Msomaji, Muheza*

Yawezekana kabisa. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye mchanga wa kivulini na kwenye nguo zenye unyevu. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache, na buu hujipenyeza kwenye ngozi nguo ikivaliwa. Jua kali na mahali palipo wazi hawapendi, ndiyo sababu kivuli cha mwembe kinawafaa.

Hamisha kamba kwenye jua, nguo zisiguse ardhi wala majani, na anua mara zinapokauka. Piga pasi ya moto kila nguo pande zote mbili, ukikaa zaidi kwenye pindo, mshono wa kiuno na lastiki, humo ndimo mayai yanamosalimika. Nepi, mashuka na taulo pia. Nguo isiyostahimili pasi iweke ndani, kavu, kwa wiki mbili kamili kabla ya kuvaliwa. Buu asiyepata ngozi hufa. Kama kivuli ndicho pekee mlicho nacho, anikeni ndani nyuma ya dirisha lenye wavu. Na mtoto akitokea jipu jingine lenye kitundu katikati, msilikamue nyumbani, mrudisheni zahanati.